Mama Sweta na Bikizee Aliyehama Akiwa Usingizini

Saa tatu asubuhi jua limekwisha kuwaka na watu wanatafuta kivuli. Kwenye korido ya chini ya kampuni ya maji anapita mwanamke mmoja aliyebeba sweta zito la sufu. Wenzake wanaopishana naye wamekunja mikono ya mashati na wanajipepea kwa bahasha. Yeye anasimama mbele ya mlango wa chuma mwishoni kabisa mwa korido, analivaa lile sweta, anafunga vifungo hadi kooni, anavuta soksi juu. Ndipo anafungua.

Baridi inamtokea kama mwenyeji aliyekuwa akimsubiri mlangoni. Ndani hakuna dirisha. Kuna mwanga mweupe, mvumo wa feni usiokatika, na safu za makabati marefu meusi ambayo sasa ni matupu. Ukichungulia kwa mbele unaona ukuta wa nyuma. Anapita katikati yake polepole, vidole vikigusa milango ya wavu mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye kabati la mwisho, ambako taa moja ya kijani inapepesa.

"Shikamoo, Bikizee," anasema kwa sauti ya chini. Na kwa kuwa hakuna wa kuitikia, anajiitikia mwenyewe. "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

Bikizee si mtu. Ni seva, kompyuta kubwa ya kazi isiyo na skrini wala kiti mbele yake, bapa kama sanduku la nguo, uso wake wa bati umepauka. Alikuwamo chumbani humu kabla ya mwanamke huyu kuajiriwa, na tangu hapo hajawahi kuzimwa hata siku moja.

"Watu wa ghorofani wakinisikia wananicheka," anasema, na yeye mwenyewe anacheka. "Wacha wacheke. Umekaa na mtu miaka kumi na tisa, utampitaje bila salamu?"

Kazini wanamwita Mama Sweta. Hana mtoto anayeitwa Sweta. Wanawe wawili wana majina yao mazuri na wanajitegemea. Jina lilizaliwa kantini, mchana mmoja wa joto kali, alipoingia kula akiwa amesahau kulivua. Limemganda. Hata mlinzi mpya analijua kabla hajasoma lile lililo kwenye kitambulisho chake.

Leo Bikizee atazimwa, na atakayemzima ni Mama Sweta. Kazi ambayo mashine hiyo imeifanya miaka yote itaendelea mahali pengine, ndani ya mashine nyingine, kama mambo yakienda sawa. Yasipoenda sawa, mitaa ya bondeni haitapata maji leo, na Mama Sweta hatapata kiti alichoahidiwa ghorofani. Chumba hiki kinafungwa vyovyote iwavyo. Mtunza chumba asiye na chumba hana kazi.

Ameamka alfajiri. Hakunywa hata chai.

Ili kuelewa hofu yake, lazima ujue Bikizee anafanya nini. Maji ya mji huu hayatoshi kwenda kwa wote kwa siku moja, kwa hiyo yanagawiwa kwa zamu. Jumatatu ni zamu ya bondeni, Ijumaa ni ya mlimani, na siku nyingine zina wenyewe. Zamu ikifika, Bikizee anatuma amri kwenye vali zilizozikwa chini ya barabara. Moja inafunguka, nyingine inafungwa, na katika nyumba za watu mabomba yanaanza kukohoa. Ndoo zinaburutwa, watoto wanaitwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba aliyewafungulia ni bikizee mmoja wa bati, aliyeketi nyuma ya mlango wa chuma.

Mama Sweta alipoanza kazi, chumba kilikuwa kimefurika. Zilikuwamo mashine zaidi ya themanini, kila moja na kazi yake moja: hii ya ankara, hii ya mishahara, hii ya barua pepe, hii ya kupima kina cha matangi. Nyingi zilishinda zimekaa tu. "Mashine inafanya kazi robo saa, halafu siku nzima inakula umeme na kutoa joto," anasema. "Ni sawa na kujenga nyumba ya vyumba vinne ukaishi jikoni."

Kisha ikaja namna mpya. Wataalamu walileta mashine chache zenye nguvu, wakaziwekea programu inayozigawa ndani kwa ndani. Kila kipande kikajiona ni kompyuta kamili, yenye diski yake, kumbukumbu yake na jina lake. Wenyewe wanaziita mashine pepe. Huwezi kuzigusa wala kuzipangusa vumbi, lakini ankara zinatoka na mishahara inaingia.

Mama yake mzazi, mjane anayeishi bondeni, hakuelewa, na Mama Sweta hakumlaumu. Siku moja, mama akichambua maharage kwenye ungo, binti alijaribu kumweleza.

"Ni hivi, Mama. Mashine moja imelala, inaota. Katika ile ndoto inajiona ni mashine ishirini. Na kila moja kati ya hizo ishirini haijui kwamba inaotwa. Inafanya kazi yake, inachoka, inaugua, inapona."

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa kijiwe, akatupa kingine.

"Na huyo anayeota akiamka?"

"Ndiyo maana wako wawili. Mmoja akishtuka, mwenzake anaipokea ile ndoto na kuendelea nayo palepale ilipofikia."

"Haya," mama alisema. "Mimi ndoto zangu sijapata wa kunipokea."

Hao waotaji wawili hawamo humu. Wamewekwa kwenye jengo la kukodi nje ya mji, ambako makampuni mengi yamepanga mashine zao chini ya paa moja. Mama Sweta hajawahi kulikanyaga. Kwa miaka kadhaa kazi yake imekuwa kuziandaa mashine za chumba hiki, moja baada ya nyingine, ziingie kwenye ndoto hiyo, kisha kuyabeba mabati yaliyobaki hadi stoo. Kila ilipoondoka moja, chumba kilipungua sauti. Zamani kilivuma kama soko. Baadaye kikawa kama darasa. Sasa kinavuma kama chumba chenye mgonjwa mmoja.

Kuna desturi moja ya watu wa kazi hii ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Wakikuta mashine isiyojulikana ni ya nani, hawaulizi ofisi zote. Wanachomoa waya wake, wanakaa, wanasubiri kilio. Mwenye mashine atapiga simu akilalamika, na ndivyo atakavyojulikana. Wasiposikia kilio, mashine inakwenda stoo.

"Kuna moja tulisubiri hadi tukachoka, kimya," anasema Mama Sweta. "Tukaitupa. Mwisho wa mwezi kampuni nzima ikalia. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikihesabu siku zetu za likizo!"

Bikizee aliachwa awe wa mwisho kwa sababu kila mtu alimwogopa. Programu yake ni ya zamani. Diski yake nayo imezunguka miaka yote bila kupumzika, na diski ya aina hiyo ikisimama na kupoa, mara nyingi hainyanyuki tena. Ambaye angemzima asingekuwa na uhakika wa kumwamsha. Kwa hiyo umeme ulipokatika, betri zilimshikilia, na jenereta iliwashwa kwanza kwa ajili yake. Wapaka rangi walipokuja, waliambiwa wamzunguke. Mpaka leo kuna mraba wa rangi ya zamani nyuma ya kabati lake.

Wiki tatu zilizopita walijaribu kumhamisha kwa mara ya kwanza.

Aliyesimamia upande wa ghorofani ni kijana aliyebandikwa jina la Mawingu, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kutaja kuhamishia kitu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali. Ijumaa walimnakili Bikizee mzimamzima, kila alichokijua na kila alichokikumbuka, na ile nakala wakaiweka usingizini kwenye jengo la nje ya mji. Jumatatu wakaiamsha. Kanuni katika kazi hii ni moja, na inajulikana na kila mtu: kabla mpya hajaamka, wa zamani anachomolewa waya za mtandao, zote. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Bikizee alikuwa na waya mbili. Mama Sweta alichomoa mmoja.

"Nilimwachia mmoja," anasema, akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndio wa kulaumiwa. "Hakuna aliyeniambia. Nilijisemea, wa tahadhari tu, asipotee kabisa. Ukweli ni kwamba nilimwonea huruma. Basi."

Huruma hiyo ilikutana na jambo lingine. Mashine pepe ikilazwa na kuamshwa, inaweza kudhani haujapita hata mchana mmoja. Yule mpya alifungua macho siku ya Jumatatu akiamini kwamba bado ni Ijumaa. Akatuma amri: mlimani fungueni, bondeni fungeni. Bikizee wa zamani, kupitia ule waya mmoja, akatuma yake: bondeni fungueni, mlimani fungeni. Wote wawili walikuwa na jina moja na anwani moja, na vali zikamtii aliyesema mwisho. Yule mpya, kwa kuwa ni mwepesi, ndiye aliyekuwa akisema mwisho mara nyingi zaidi.

Mlimani, siku hiyo inakumbukwa kwa mapenzi. Dobi mmoja wa huko, mwanamke mwenye karai zake barazani, anasema alikuwa amekaa akisuka ukili aliposikia bomba linakohoa.

"Nikajua nimesinzia. Jumatatu maji? Kwetu? Nikainuka, nikaweka mkono, mkono ukalowa. Nikafua mapazia yote ya nyumba, nikafua na ya jirani bila kuniomba. Watoto wametoka shuleni wakakuta uani maji yanatiririka, wakajirusha na sare zao. Hakuna aliyewagombeza. Nani amgombeze mtu ndotoni?"

Bondeni, hadithi ilikuwa nyingine. Huko wana mazoea kwamba Jumapili jioni wanayamaliza maji ya zamani. Wanasugua sakafu, wanaosha madumu, wanamwagilia miche, kwa sababu kesho ni yao. Zamu haijawahi kuwadanganya. Jumatatu ile, mchana uliwakuta na nyumba zinazong'aa na madumu makavu yaliyopangwa mstari, na bomba likitoa upepo.

Simu ya mama yake iliingia Mama Sweta akiwa amekaa mbele ya kompyuta, akimtazama Bikizee mpya kwa furaha.

"Mwanangu, naomba nikuulize usinicheke," mama alisema. "Leo si Jumatatu?"

"Ni Jumatatu, Mama."

"Basi sijazeeka. Nilidhani nimeanza kuchanganya siku."

Mama Sweta akatazama pembe ya skrini, pale saa ilipoandikwa. Iliandikwa Ijumaa. Anasema mpaka leo anaisikia ile sauti ya mama ikijishuku. Alikimbia hadi chumbani, akamrudishia Bikizee waya wa pili, akampigia Mawingu amlaze yule mpya. Maji yalifika bondeni jua likiwa limeshuka, nusu ya kipimo chao.

Hakumficha mtu. Alipanda ngazi, akamweleza mkuu wa idara habari ya ule waya. Mkuu ni mwanamke wa maneno machache, aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba hichohicho akiwa kijana.

"Sikumkasirikia," mkuu anasema leo. "Nilimwambia tu kwamba watu hawanywi mapenzi. Wanakunywa maji. Nikampa wiki tatu. Atamhamisha yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na akifaulu atakaa ghorofani pamoja na wenzake, maana mashine pepe nazo zinataka mlezi. Akishindwa, sitakuwa na mahali pa kumweka."

Ghorofani, siku hizi, hawazungumzi kingine ila kuhama. Mwenye programu ile inayozigawa mashine amepandisha bei, kama mwenye nyumba aliyesikia mpangaji wake amepata kazi nzuri. Mkuu anataka ndoto nzima ihamishiwe kwenye programu nyingine, ambayo haina mwenyewe mmoja. Mawingu anakwenda mbali zaidi. Anasema hata mashine pepe zitapitwa. Zitakuja nyingine ndogo sana, zinazowaka asubuhi kufanya jambo moja, na kabla ya adhuhuri zimekwisha kuzimika, na kesho zinawaka nyingine.

"Hazina hata majina," Mawingu alimwambia wakiwa kantini. "Hakuna anayezipa. Zinakuja kwa maelfu, zinaondoka."

"Na kilio?"

"Hakuna kilio, mama. Ndio uzuri wake."

Mama Sweta alikoroga chai yake kwa muda mrefu. Anakiri kwamba jambo hilo linamvutia na kumtia huzuni kwa pamoja. Jioni ile, akiosha vyombo, alijikuta anaziwazia hizo mashine zisizo na majina, kama kumbikumbi baada ya mvua, zinavyoruka mara moja tu. Akajisemea kuwa huenda hata sisi tungekuwa hivyo kama mama zetu wasingekuwa na mazoea ya kutupa majina.

Juu ya jicho lake la kushoto Mama Sweta ana kovu dogo. Alilipata alipokuwa na umri wa kuingia shule. Familia ilihamia nyumba nyingine, na kwa kuwa alikuwa amelala, mama alimbeba begani njia nzima na kumlaza kitandani bila kumwamsha. Alipoamka, akakimbilia mlangoni kama alivyozoea. Lakini mlango haukuwa upande ule. Akaupiga ukuta kwa uso.

"Nililia mpaka sauti ikakauka, na si kwa maumivu," anasema. "Nilidhani mlango umetuacha."

Siku ya pili yake, mama alikigeuza kitanda ili mlango uwe mkono uleule wa zamani. Hakulia tena.

Asubuhi hii Mawingu ameshuka na kompyuta yake ya mkononi, amevaa shati jepesi, na anatetemeka. Mama Sweta amemtolea shuka kuukuu analoliweka kabatini kwa wageni. Nakala mpya imechukuliwa na ipo jengo la nje ya mji, imelala. Wameipa anwani ileile, jina lilelile na njia zilezile za kuzifikia vali. Imebaki kumtoa huyu.

Mawingu ana wazo. "Tumchomoe waya zote mbili, lakini tumwachie umeme. Awepo tu. Likitokea la kutokea, tunamrudisha."

Ni ushauri mzuri. Mama Sweta anautafakari, mkono ukiwa juu ya kabati.

"Hapana, baba," anasema. "Nikimwachia umeme, nitamrudishia waya. Najijua."

Anachomoa wa kwanza. Anachomoa wa pili, na anaushika huo wa pili mkononi kidogo kabla ya kuuachia uning'inie. Kisha anaweka kidole kwenye kitufe cha mbele, kitufe ambacho kwa miaka yote kilikuwa kimebandikwa kipande cha utepe wa gundi ili mtu asikiguse kwa bahati mbaya. Gundi imekauka, inang'oka kwa kucha.

"Tunashukuru, Bikizee," anasema. "Lala sasa."

Anabonyeza. Feni zinapunguza mwendo polepole, kama mtu anayeshuka ngazi, na zinasimama. Taa ya kijani inapepesa mara moja, kisha haipo. Mama Sweta hajawahi kukisikia chumba hiki bila sauti yake. Sasa anasikia kiyoyozi tu, na Mawingu anayegongesha meno kwa baridi.

"Tumwamshe?" Mawingu anauliza.

"Kwanza mwambie leo ni siku gani."

Mawingu anaiweka sawa saa ya yule mpya na kuifunga kwenye saa ya mtandao wa kampuni, ili isimpotee tena. Mama Sweta anainama kwenye skrini na kusoma kwa sauti, neno kwa neno: Jumatatu. Anasoma tena. Ndipo yule mpya anaamshwa. Mistari inateremka kwenye skrini. Zamu ya bondeni inakaribia, inafika. Skrini inasema vali imefunguka.

Lakini skrini ilisema hivyo hata siku ile. Hakuna anayepongeza. Mama Sweta anaketi juu ya kreti, Mawingu anaketi sakafuni na shuka lake, na wanafanya kile ambacho watu wa kazi hii hufanya. Wanasubiri kilio.

Simu ya ukutani iko kimya. Ya Mawingu iko kimya. Maji yana safari yake, yanapita chini ya barabara, chini ya soko, chini ya shule, na hakuna awezaye kuyaharakisha. Mama Sweta amefumba macho. Anasema baadaye kwamba aliyaona yakitembea gizani, yakipapasa njia, yakitafuta mlango.

Simu inalia. Ni ya mfukoni mwake. Ni mama.

Mawingu anasimama na shuka lake. Mama Sweta anaitazama ile simu, anapokea.

"Mama?"

"Uko kazini, mwanangu?"

"Niko, Mama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ile sufuria kubwa uliiweka wapi ulipokuja? Natafuta cha kukingia, madumu yamejaa."

Mama Sweta anaishusha simu hadi mapajani.

"Halo? Umenisikia? Sufuria!"

"Juu ya kabati, Mama," anasema, akiirudisha simu sikioni. "Nyuma ya ungo."

Anakata simu. Mawingu amemkodolea macho. Pale aliposimama hakusikia upande wa pili. Anauliza kwa kunong'ona, "Vipi? Kuna anayelia?"

"Yupo mmoja," anasema Mama Sweta, akijifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Ni mimi."

Mkuu anateremka mwenyewe. Anakizunguka chumba, anagusa kabati la mwisho, anakaa nalo kidogo. Halafu anakwenda ukutani na kuzima kiyoyozi, kwa kuwa hakuna tena cha kupozwa. Joto la nje linaanza kuingia taratibu kupitia mlango ulioachwa wazi, pamoja na harufu ya vumbi na sauti za watu wa korido. Mama Sweta anasimama katikati ya chumba chake. Anafungua kifungo cha kooni, kisha cha pili, mpaka cha mwisho. Anavua sweta humo ndani kwa mara ya kwanza.

Kesho atapanda ghorofani. Kiti chake kiko karibu na dirisha, na tayari wameanza kumtania kwamba jina itabidi libadilishwe. Ameomba jambo moja, na mkuu amekubali: mashine zote zitakapohamishiwa kwenye programu mpya, yeye ndiye awe wa kuzihamisha, zikiwa zimelala, moja moja, kila moja aiambie siku kabla ya kuamka. Anataka pia apelekwe siku moja kwenye lile jengo la nje ya mji akawaone waotaji wawili.

"Kule hawaingizi mtu, mama," Mawingu amemwonya. "Hata mimi sijaingia. Na kuna baridi kuliko hapa."

"Nitavaa sweta," amejibu.

Alasiri yuko bondeni, uani kwa mama yake. Madumu yamejaa mpaka shingoni, ile sufuria imejaa, hata bakuli la kuku limejaa. Jirani anasugua ngazi. Mama anamkabidhi kikombe cha maji, anamtazama anavyokunywa, na anapoona macho yake yamevimba anauliza taratibu.

"Yule Bikizee wako amekufa?"

"Hajafa, Mama. Amehama akiwa amelala."

Mama anamsogelea binti yake, na kwa kidole chenye majimaji anamgusa lile kovu juu ya jicho, kama anayeangalia kama bado linauma.

"Na alipoamka, alilia?"

"Hapana," anasema Mama Sweta. "Mlango niliuacha upande uleule."